Mlinzi Niliyemweka Getini

Nilipomchorea mama mkwe wangu bustani, nilianza na njia kabla ya kuwaza mti hata mmoja. Nilitaka njia isiyo na mwisho: itoke barazani, ipite chini ya dirisha la jikoni, izunguke nyuma ya tangi la maji, irudi barazani palepale ilipoanzia. Mtu aitembee kutwa nzima na asifike popote isipokuwa nyumbani. Nilikwisha kumtafuta mitaani mara mbili nikiwa na kandambili na kanga ya jikoni, na mara ya pili tulimkuta stesheni ya reli amekaa juu ya furushi la mtu, anasubiri treni ambayo hakuwa na safari nayo. Daktari alituambia ule ni ugonjwa wa kusahau, kwamba hauna dawa, na kwamba kazi yetu ni moja tu: asitoke akapotea. Kazi hiyo moja ndiyo iliyotushinda.

Alikuwa ametoka makazi. Makazi, kwa sisi wa Mpanda, ni vile vijiji walivyopewa watu waliokimbia vita Burundi zamani, na ambao wengi wao sasa ni raia kama mimi. Mama alifika pale bado msichana, ameolewa juzi tu, akang'oa visiki, akalima, akazaa, akamzika mumewe. Kisha akaanza kusahau sufuria motoni. Siku alipounguza jiko zima la nyasi, mume wangu alikwenda na pikapu yake akamleta mjini akiwa amekaa mbele, mkoba mapajani, kama mtu anayekwenda hospitali na kurudi jioni.

Mume wangu ni fundi seremala na mzee wa kanisa. Alizaliwa makazi, lakini ukimsikia anavyoongea Kiswahili utadhani amekulia Tabora mjini. Kirundi alikiacha shuleni, walikokuwa wakimwita mkimbizi mpaka mwalimu naye akamwita hivyo mbele ya darasa. Tulipooana aliniambia jambo moja tu kuhusu lugha: "Nyumba hii itaongea Kiswahili." Sikuona ubaya. Mimi ni Mfipa wa Karema, nami Kifipa changu nilikuwa nakitumia kwenye simu tu, nikiongea na mama yangu.

Tatizo ni kwamba ugonjwa wa kusahau huanza kula kile mtu alichojifunza mwisho. Kiswahili cha mama kilikuwa kinaondoka kipande kipande. Asubuhi alikuwa nacho kidogo, mchana kimechanganyika, jioni kimekwisha. Mume wangu anarudi kutoka karakana saa moja jioni, mama anamsemesha Kirundi, yeye anamjibu kwa Kiswahili, taratibu, kwa sauti kubwa, kama anayeongea na kiziwi. "Mama, sema Kiswahili." Mama anamtazama tu. Mara nyingi aliyebaki kumtafsiri ni mimi nisiyeijua hiyo lugha.

Lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu hakosi kanuni. Nilikuwa nimegundua kwamba ukiondoa ile u ya mbele, na r ukaifanya l, Kirundi kinakuja chenyewe mikononi. Umukate ni mkate. Umwana ni mwana. Umuceri ni mchele, nilipogundua huo nilipiga makofi peke yangu jikoni. Wanafunzi wangu wa biolojia huwa nawatania wakikosa swali jepesi: asiyejua maana haambiwi maana. Mimi nilijiona najua maana. Nilijivunia kanuni yangu mpaka nikaisimulia kwenye chumba cha walimu.

Bustani ilikuwa wazo langu. Kiwanja chetu kiko kwenye mtaa mpya, kilikuwa kimefyekwa na kubaki udongo mwekundu unaopiga macho kufikia Agosti. Majirani wote walikuwa wanaotesha majani ya kisasa na kuyamwagilia kwa maji ya kubeba, mchwa wanayala, wanaotesha tena. Mimi nikasema nitapanda miti iliyokuwa hapahapa kabla ya sisi: mkusu, mfuru, mtalali, mbula, na mitundu mitatu kwa ajili ya kivuli cha miaka ijayo. Jirani yangu mmoja aliegemea ukuta wake akacheka mpaka akakohoa. "Mwalimu," akasema, "wenzio wanafyeka pori wapate kiwanja, wewe unafuga pori kwenye kiwanja!" Nikamwambia pori langu halitaniomba maji. Kumbe liliniomba mengine.

Nilifanya kwa moyo, nasema kweli. Niliwaza kwamba mtu anayesahau majina ya watoto wake huenda asisahau tunda aliloliokota ujanani. Niliwaza makusu yakianguka Novemba, ayaokote, amenye, atulie. Mkusu hauoti hivihivi tu. Unataka udongo uliotoka chini ya mkusu mwenzake, kwa sababu kuna kuvu ndani ya udongo huo wanaoishi na mizizi yake. Basi nikakodi bodaboda kwenda porini nikarudi na ndoo mbili za udongo mweusi, dereva anauliza kila tukipita bonde kama mwalimu ameanza uganga. Kuzunguka kiwanja chote nilipanda wigo wa minyaa. Mume wangu alitaka ukuta wa tofali. Tulibishana wiki nzima, na mimi nikashinda, maana nikitaka kushinda nashinda. Nilimwambia ukuta ni jela, minyaa ni mji. Huo ushindi naujutia mpaka leo.

Msimu ule wa mvua ndio wakati pekee nilioishi vizuri na mama mkwe wangu. Alikuwa akiinama juu ya shimo, mikono yake inakumbuka yenyewe. Alinionyesha kukandamiza udongo kwa kisigino, sio kwa kiganja, na alikuwa akinigonga mkono nikikosea. "Mukazana," alikuwa akiniita, yaani mke wa mwanangu, na akicheka alifunika mdomo. Siku moja mvua ya kwanza ilikuwa imetoka kunyesha, yakachomoza yale maua ya njano yanayotokea chini kabisa kwenye udongo, hayana shina, ua limelala ardhini kama limedondoshwa. Aliniita, akapiga magoti, akayaonyesha moja moja, akataja jina lake kwa Kirundi, akalirudia mpaka nikaliweza. Sasa nimelisahau. Nimejaribu sana kulikumbuka.

Palikuwa na sehemu moja tu ambayo sikuipanda kitu: getini. Pikapu ya mume wangu huja na mbao ndefu na lazima ipate pa kugeuzia, kwa hiyo pale tulimwaga kokoto, tukaacha peupe. Na palepale ndipo mama alipoanza kusimama. Alikuwa akitembea njia yangu ya duara mizunguko miwili, mitatu, halafu anaiacha, anakwenda getini, anasimama katikati ya kokoto, anatazama nje, anageuka anatazama nyumba. Anaitazama kama nyumba ya watu. Nikimfuata ananishika mkono.

"Irembo," alisema siku ya kwanza, akionyesha geti. Hilo nilishalijua, irembo ni lango la kuingilia mji wa mtu. "Umurinzi. Weka umurinzi kwa irembo."

Umurinzi. Nikaondoa u, nikafanya r kuwa l. Mlinzi.

"Unaogopa wezi, mama?"

Akatikisa kichwa, sikujua kama ni ndiyo au hapana. "Weka umurinzi kwa irembo," akarudia. "Ukue." Akanipapasa shavu. Nikadhani ananibariki, kwamba nikue, nizeeke kama yeye. Nikasema, "Amina, mama."

Alilisema neno hilo wiki nzima. Alilisema akila, akioga, akishika nondo za geti. Nilimwambia mume wangu kwa Kiswahili, nikijisikia mwerevu: "Mama hana amani. Anaogopa. Anataka tumwekee mlinzi getini." Alikuwa anavua viatu. Akakaa na kiatu kimoja mkononi muda kidogo, halafu akasema, "Sawa. Tumtafute." Nilishangaa hakubisha. Ni mtu anayebisha hata bei ya kiberiti.

Tukampata Msukuma mmoja wa makamo, mpole, aliyekuja na rungu lake na kiti chake mwenyewe. Nikampa maagizo mawili nikamfanya ayarudie: bibi asitoke, na mtu usiyemjua asiingie. Nilimpeleka mama kwa mkono mpaka getini. "Mama, mlinzi huyu hapa." Yule baba akainuka, akavua kofia, akainama: "Shikamoo, bibi." Mama alimtazama usoni, akatazama kokoto, akanitazama mimi. Macho yake yakajaa maji. Nikadhani ni furaha.

Kiangazi kikaja na bustani yangu ikafa juu. Mitundu yote ilikauka mpaka usawa wa udongo. Hilo nililijua, mtundu mchanga hufanya hivyo miaka mingi, unakufa juu na kuongeza mzizi chini, naufundisha darasani. Lakini mama hakuwa darasani kwangu. Alipita kwenye njia yangu ya duara akiangalia vijiti, na kila siku alipita kwa haraka zaidi, kama mtu aliyepita shamba la jirani bila ruhusa. Alianza kusema neno jingine, ndashaka gutaha, na hilo halikuhitaji kanuni kwa sababu alikuwa amebeba mkoba wake kila alipolisema. Anataka kwenda kwao. Nilikuwa namwambia, "Ni hapa, mama. Umeshafika." Namzungusha, namrudisha barazani.

Septemba dada wa kazi, aliyekuwa akishinda na mama, aliolewa. Hatukuharakisha kupata mwingine, maana tulisema, si mlinzi yupo? Asubuhi nilikuwa namwandalia mama uji, namfungia mlango wa mbele, namwachia wa nyuma unaofungukia bustanini, nakwenda shule. Saa nne wakati wa mapumziko nakimbia kuja kumtazama, narudi. Nilikuwa najisifu kwa mbio hizo.

Siku yenyewe, mapema Oktoba, nilikuwa nasimamia mtihani. Ukisimamia mtihani hutoki chumbani, hata nyumba ikiungua. Asubuhi ile nilipotoka nilikuta getini mtu mwingine, mtu mzima, mrefu. Akaniambia mlinzi wetu ameamka na homa, yeye ni shemeji yake, amemshikia siku mbili. Mama alikuwa bado amelala. Nilikuwa nimechelewa. Nikamwambia, "Usimfungulie mtu usiyemjua," nikaondoka. Sikumwingiza ndani, sikumwonyesha mlango wa chumba cha mama, sikumwambia ndani kuna mtu. Sentensi moja ingetosha.

Nilirudi saa tisa. Alinifungulia geti kwa heshima zote.

"Shikamoo, mwalimu. Hapa salama kabisa," akasema. "Alikuja bibi mmoja tu, omba-omba. Anaongea lugha yao ile ya makazi, anasukuma geti anataka kuingia kwa nguvu. Nikamwambia bibi, wenyewe hawapo, nenda."

Nikamuuliza bibi gani, ingawa nilishajua.

"Mzee mzee hivi. Ana mkoba. Akaenda kidogo, akarudi. Nikamfukuza, lakini kwa adabu, mwalimu, sikumgusa. Ya tatu hakusukuma tena. Alikaa pale kwenye jiwe upande wa pili, jua lote, anaangalia geti. Halafu akainuka akaenda zake."

Alisema vile akisubiri nimsifu. Alikuwa amefanya kazi niliyompa, yote, bila kosa. Nilimpita nikaingia ndani nikiita. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Uji ulikuwa umenywewa nusu. Nyuma, kwenye kona ambako minyaa ilikuwa bado michanga, palikuwa na uwazi wa upana wa mtu, vijiti vimevunjika, utomvu wake umekauka juu ya majani. Alikuwa ametoka kwa nyuma, mahali pa ule ukuta nilioukataa, akazunguka mtaa, na baada ya kuzunguka akawa amerudi. Hilo ndilo lisiloniacha. Alirudi. Alipotea akajiokoa mwenyewe, akafika mpaka kwenye geti lake, mara tatu.

Tulitafuta. Bodaboda wa kijiweni walijigawa barabara zote bila kuombwa mara mbili. Msikitini walitangaza kwa spika, na jioni mume wangu alisimama kanisani kwenye ibada ya katikati ya wiki. Nilikuwa nimekaa nyuma. Alitaja rangi ya kitenge chake, alitaja mkoba, akasema, "Ni mgonjwa, anaongea Kiswahili kidogo." Nikangoja amalizie. Hakumalizia. Nilitaka kuinuka niseme anaongea Kirundi, mtu akimsikia mama anaongea Kirundi amshike amkalishe kivulini. Sikuinuka. Sikutaka kumsahihisha mzee wa kanisa mbele ya waumini wake, na mama yake amepotea.

Walimkuta siku ya pili, mchana. Waliomkuta ni wauza mkaa waliokuwa wakisukuma baiskeli zao kuja mjini. Alikuwa kwenye mtaro mkavu kando ya barabara ya kwenda makazi, amelala ubavu, amevua viatu akavipanga. Oktoba hapa kwetu jua haliombi ruhusa. Daktari alisema ni kiu na joto. Alikuwa ameshika njia sahihi kabisa, na alikuwa amekwenda mbali kuliko nilivyodhani miguu yake inaweza.

Tulimzika makazi, pembeni ya mumewe. Msiba ulikaliwa nyumbani kwake, ambako sasa anaishi wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mjane, mwimbaji wa kwaya, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Siku ya tatu, watu walipopungua, alinikuta nje nikiosha sufuria. Akachuchumaa karibu yangu, akashika sufuria nyingine.

"Wifi, nikuulize kitu, usikasirike," akasema. "Mama mlimnyima umurinzi kwa nini? Kila nikimpigia alikuwa analia hicho tu."

"Hatukumnyima," nikasema. Nilijisikia kuonewa. "Alipoomba tu, tulimwekea. Mchana na usiku."

"Uko wapi? Nilipita kwenu juzi kuchukua nguo zake. Pale irembo ni peupe."

Uko wapi. Nikawaza ni Kiswahili cha makazi, wanachanganya ngeli, mtu wanamwita uko badala ya yuko. Nikamsahihisha, Mungu anisamehe, nilimsahihisha mfiwa. "Yuko. Alikuwa na homa tu."

Wifi yangu aliacha kuosha. Akainua mkono wenye povu akanionyesha kidole pale njia inapoingilia uani. Palikuwa na mti. Nilikuwa nimepita chini yake mara kumi siku hizo tatu. Mti wa magome mazito yenye miba, hauna jani hata moja kiangazi kile, umejaa maua mekundu matupu. Kwa Kiswahili ni mwamba ngoma. Nautaja darasani kila mwaka, familia ya kunde, mbegu zake nyekundu zina doa jeusi.

"Ndio ule," akasema. "Umurinzi. Baba aliupanda walipofika, hata nyumba haijaezekwa. Kwetu huko Burundi mji wa mtu unaujua kwa huo. Mama alikuwa anasema, kule mjini milango yote inafanana, nikitoka nitarudije? Nikimuuliza umewaambia? Anasema nimewaambia waupande kwa irembo, ukue."

Ukue. Ule mti ukue. Hakuwa ananibariki. Tena hilo neno halikuwa Kirundi hata kidogo, lilikuwa Kiswahili safi na ngeli yake sahihi, ameliokoa kwenye kile kidogo kilichombakia akanipa mimi, mwalimu, nikaitikia amina. Yeye aliomba alama ya kumwonyesha mlango wake. Mimi nikamwekea mtu wa kumfukuza mlangoni hapo.

Sikumwambia wifi. Nilisema naumwa tumbo nikaenda nyuma ya choo nikakaa chini. Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kujidharau namna ile. Majuto ni mjukuu, watu husema hivyo kwa wepesi, wakicheka, mtu akikosa basi. Mimi niliona sura yake.

Nilikaa na jambo lile siku zote za arobaini. Nilikuwa nalia jikoni, nalia kwenye foleni ya benki, nalia nikisahihisha madaftari. Mume wangu alinisikia usingizini nikisema nimemuua mama. Alikuwa ananishika bega, anasema, "Ni mapenzi ya Mungu, mke wangu," na mimi nilizidi kulia kwa wema wake. Nilijiambia huyu mtu hajui aliyelala naye. Nilijiambia nikimwambia ataniacha, na akiniacha atakuwa na haki.

Jumamosi moja baada ya arobaini nikaona siwezi tena. Nilimfuata karakana asubuhi. Wenzake walikuwa wamekwenda kufunga milango kwa mteja, alikuwa peke yake anapiga randa ubao wa mninga. Nikasimama katikati ya takataka za mbao nikamwambia yote bila kupumua: kanuni yangu ya u na r, umurinzi, ukue, maneno ya dada yake, mti. Nikamwambia, "Mama aliomba mti, mimi nikakuletea habari ya mlinzi. Ni mimi."

Hakuinua kichwa. Alipiga randa mara mbili tatu zaidi, ule utepe wa mbao ukatoka mrefu ukaanguka.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Siku uliyoniambia anataka mlinzi. Nilijua anataka nini. Mimi alikwisha kuniomba mara tatu, kwa Kirundi, nikamkatalia. Ulipokuja na habari ya mtu wa rungu nikaona afadhali ulivyoelewa wewe. Nikasema, tukimwekea huyo labda atanyamaza."

Nilikaa juu ya rundo la mbao. Nikamuuliza alikataa kwa sababu gani. Akasema yeye ni mzee wa kanisa, na wazee wa zamani walikuwa wakitambika chini ya mti ule. Nikamwambia dada yake ni mwanakwaya na anao uani mpaka leo, na mchungaji huja kwake anakula kuku.

Akafuta vumbi kwenye ubao kwa kiganja, taratibu, akaenda mpaka mwisho wa ubao akarudi.

"Sio kanisa," akasema. "Mti ule mtu yeyote wa makazi akipita anajua. Na wa hapa mjini wangejua tu, wangeambiwa. Ni sawa na kuandika ukutani, hapa wanakaa Warundi. Sikutaka. Nimejenga pale ili nisiulizwe."

Nilimwelewa. Hilo ndilo baya, kwamba nilimwelewa, nilimwona yule mtoto amesimama mbele ya darasa. Lakini nilikuwa na swali langu moja.

"Arobaini nzima unaniona najiita muuaji wa mama yako. Unanishika bega. Ulinyamaza kwa nini?"

Ndipo aliponitazama. Macho yalikuwa makavu, mekundu kwa vumbi la mninga.

"Nilifikiri mzigo huu ukiubeba wewe utauweza," akasema. "Mimi nisingeuweza."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Sikupiga kelele na sikufungasha nguo, ingawa nilimchukia njia nzima, na bado kuna siku namchukia. Jioni alikuja, akaoga, akaketi mezani. Aliomba chumvi, nikampa.